Umeme wa Mtetemo: Unatoka Wapi, na Unatosha Nini?

Ukiegemeza kiganja kwenye ubavu wa friji inayounguruma, unahisi mtetemo mwepesi ukikupita vidoleni. Mtetemo wa namna hiyo upo kwenye kioo cha dirisha linalotazama barabara yenye magari mengi, kwenye bomba la maji yanayosukumwa na pampu, kwenye kiti cha basi, na kwenye reli muda mfupi kabla treni haijaonekana. Kinachotikisika kina nishati, na nishati ya mwendo hugeuzwa umeme kila siku katika mitambo ya maji na ya upepo. Hadi hapo hakuna anayebisha. Ubishi huanza mtu akiuliza: umeme kiasi gani?

Habari nyingi hulijibu swali hilo kwa ukarimu mkubwa. Tunaahidiwa sakafu zitakazowasha taa za vituo vya treni na barabara zitakazochaji magari yanayozipita. Wahandisi wanaoshughulika na vifaa hivi huongea kwa vipimo vingine kabisa. Kipimo chao cha kila siku ni maikrowati, yaani sehemu moja ya milioni ya wati. Taa ya LED ya chumbani hula wati 10 hivi, nazo ni maikrowati milioni 10. Naandika makala haya kwa sababu naamini habari ya hao wahandisi ndiyo ya kusisimua zaidi, na inafunikwa na zile ahadi kubwa.

Nani analipa?

Nishati haizuki. Friji hutetemeka kwa sababu kompresa yake inakula umeme. Sehemu ndogo ya umeme huo, badala ya kusukuma gesi ya kupozea, huishia kuutikisa mwili wa friji, kisha hupotea kama sauti na joto. Anayevuna mtetemo huo ni kama mtu anayeokota masazo shambani baada ya wenyewe kuvuna. Hajamwibia mtu, wala hatarajii kujaza ghala.

Mambo hubadilika pale mtetemo usipokuwa masazo. Chukua sakafu inayozalisha umeme watu wakiikanyaga. Ili itoe umeme lazima ibonyee, na kila inapobonyea, mwenye mguu ndiye aliyeisukuma. Aliyewahi kutembea kwenye mchanga mkavu wa ufukweni anajua jinsi ardhi inayobonyea inavyomchosha mpitaji. Sakafu hizi hubonyea milimita chache tu, kwa hiyo uchovu hausikiki, lakini hesabu ni ileile: nishati imetoka kwenye chakula alichokula yule anayepita. Barabara ya kuvuna umeme chini ya matairi nayo iko hivyo. Tairi linakuwa kama linajaribu kutoka kwenye kishimo kinachosogea nalo, na gharama inatoka kwenye tangi la mafuta la gari.

Kuna hali moja ya katikati inayonivutia sana. Katika kila hatua unayopiga, kuna kipindi kifupi ambacho misuli haisukumi mguu bali inauzuia, kama breki. Mwaka 2008 Max Donelan wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, pamoja na wenzake, walionyesha kifaa cha kufungwa gotini kinachozalisha umeme katika kipindi hicho tu. Walipata takribani wati 5 kwa miguu miwili. Kwa kuwa kifaa kiliisaidia misuli kufunga breki, mvaaji alilipa kidogo sana kuliko ambavyo angelipa kama kingezalisha muda wote. Kabla ya kuuliza umeme ni mwingi kiasi gani, basi, ulizia kwanza kama nishati hiyo ingepotea hata kama kifaa kisingekuwapo.

Kitu kizito juu ya springi

Tuseme tuna mota kubwa na tunataka kuvuna mtetemo wake. Tatizo linajitokeza mapema: tukibandika kifaa juu ya mota kikashika imara, kila kilichomo kitatikisika pamoja nayo, na hakuna sehemu itakayopishana na nyingine. Dainamo ya baiskeli ina upande unaozunguka na upande uliotulia. Sisi upande uliotulia hatuna, maana tumepanda juu ya kitu kinachotetemeka chote.

Dawa yake ni ukaidi wa vitu vizito. Abiria aliyesimama ndani ya basi hurushwa mbele dereva akikanyaga breki, kwa kuwa mwili wake unataka kuendelea na mwendo uliokuwa nao. Basi ndani ya boksi letu tunafunga kipande kizito kwenye springi. Boksi likipanda na kushuka pamoja na mota, kipande kinachelewa, na kati ya viwili hivyo hutokea mpishano. Huo ndio tunaouvuna. Mwaka 1996 C. B. Williams na R. B. Yates wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walichapisha hesabu ya kifaa cha aina hii, na hadi leo wanaoingia katika fani hii huanzia hapo.

Springi na kipande chake vikiwa pamoja vina mdundo wao wa asili, kama bembea. Ukimsukuma mtoto kwa mdundo wa bembea yenyewe, misukumo midogo hujumlishana mpaka anapaa. Ukisukuma ovyo, bembea inakataa. Kusukuma kwa mdundo unaokubaliana na kitu huleta hali iitwayo resonansi. Idadi ya mitetemo katika sekunde moja huitwa marudio, na hupimwa kwa hezi: mitetemo 100 kwa sekunde ni hezi 100.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu mada hii hugeuka hadithi. Kipande chetu kina gramu 10. Mota inatetemeka kwa hezi 100, na mchapuko wake, yaani kiwango ambacho kasi inabadilika, unafika mita 1 kwa sekunde mraba, karibu sehemu ya kumi ya mchapuko wa kitu kinachoanguka. Kwa kipimo hicho mwili wa mota unasogea mikromita 2.5 tu (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita) kwenda na kurudi kutoka katikati. Jicho haliwezi kuona. Springi tumeilinganisha ili mdundo wake uwe hezi 100, na ni springi nzuri isiyopoteza nishati nyingi. Kwa resonansi, kipande kitapishana na boksi kwa mikromita 63 kila upande, pungufu ya unene wa unywele. Umeme mwingi kabisa unaoweza kutoka hapo ni maikrowati 100, yaani sehemu ya kumi ya miliwati.

Shika namba hiyo. Nitairudia.

Katika hesabu ya Williams na Yates umeme hupanda kwa mraba wa mchapuko. Mtikisiko ukizidi mara mbili, umeme huzidi mara nne. Mwaka 2003 Shad Roundy, Paul Wright na Jan Rabaey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha vipimo vya mitetemo waliyoikuta kwenye vitu vya kawaida. Kwenye friji waliona mchapuko wa mita 0.1 kwa sekunde mraba; kwenye kioo cha dirisha karibu na barabara yenye magari mengi, 0.7, kwenye mwili wa jiko la maikrowevu, 2.5, kwenye msingi wa mashine kubwa ya kukatia chuma, 10. Kati ya friji na mashine ya chuma tofauti ya mchapuko ni mara 100, kwa hiyo tofauti ya umeme inazidi mara 10,000. Ile friji niliyoanza nayo, inayosikika kabisa mkononi, ni shamba lisilo na kitu. Mkono wa binadamu ni mwepesi mno wa kuhisi. Usiutumie kama mita.

Vipimo vile vina jambo jingine la kupendeza. Vingi vilikusanyika karibu na hezi 120, na friji ilikuwa kwenye 240. Hiyo si bahati. Umeme wa gridi ya Marekani hubadilisha mwelekeo kwa marudio ya hezi 60, na chuma cha transfoma au cha mota huvutwa na sumaku mara mbili katika kila mzunguko, mara moja kwa kila mwelekeo. Kwa hiyo kinatetemeka kwa hezi 120 na vizidishi vyake. Palipo na gridi ya hezi 50, mngurumo wa transfoma ni wa hezi 100. Gridi nzima inapiga ngoma moja, na ngoma hiyo haibadiliki mchana wala usiku. Kwa mtu anayetafuta mdundo wa kulinganisha springi yake, hiyo ni zawadi.

Fuwele, sumaku na chaji zilizotulia

Mpishano tumeupata. Kuugeuza umeme kuna njia kuu tatu.

Ya kwanza ni kubana. Mwaka 1880 jijini Paris, ndugu wawili, Jacques Curie wa miaka 24 na Pierre Curie wa miaka 21, waligundua kwamba fuwele za kwatzi, turmalini na hata sukari ya miwa hutoa chaji za umeme zikikandamizwa. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima kiwe kweli: fuwele ikipewa umeme itajikunja. Ndugu wale wakajaribu, wakakuta ni hivyo. Jambo hili likaitwa piezoelektriki, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kubana. Ndani ya fuwele hizo, chaji chanya na chaji hasi zimepangwa kwa namna ambayo ukibana, vitovu vyake vinasogea na kuachana kidogo, na tofauti hiyo hujitokeza kwenye nyuso za fuwele kama umeme. Umeshaiona kazi yake kwenye kiwashio cha gesi kinacholia "tak": nyundo ndogo hugonga kipande cha piezo, volti elfu kadhaa huzuka, cheche huruka. Hata mfupa una tabia hii. Eiichi Fukada na Iwao Yasuda wa Japani waliionyesha mwaka 1957.

Kwatzi hutoa chaji kidogo sana. Kinachotumika zaidi leo ni kauri ya risasi, zirkonia na titani iitwayo PZT, iliyopatikana miaka ya 1950, ambayo kwa kani ileile hutoa chaji zaidi ya mara 100 ya kwatzi. Hubandikwa kama tabaka jembamba juu ya bapa la chuma. Bapa likipinda juu na chini, kauri inavutwa na kubanwa. Kauri hii ina udhaifu wake: hukatika kama sahani ikipindwa kupita kiasi, na ina risasi ndani, sumu ambayo watafiti wengi wanahangaika kuikwepa. Kuna pia plastiki yenye tabia hiyo, PVDF, iliyoonyeshwa na Heiji Kawai mwaka 1969. Hukunjika bila kuvunjika, ila umeme wake ni haba.

Njia ya pili ni ya Michael Faraday, aliyegundua mjini London mwaka 1831 kwamba sumaku ikipita karibu na koili ya waya, umeme hupita kwenye waya. Sumaku yenyewe inafaa kuwa ndicho kile kipande kizito juu ya springi. Ni imara, haikatiki, hudumu miaka mingi. Ugumu wake ni volti. Turudi kwenye mfano wetu: kipande kinachopishana mikromita 63 kwa hezi 100 hufikia mwendo wa sentimita 4 kwa sekunde. Hata ukiwa na mita 10 za waya ndani ya uga wa sumaku wa tesla 0.5, utapata volti 0.2. Kumbuka namba hiyo pia, kwa sababu itatuletea taabu baadaye kidogo.

Ya tatu ni ya sahani mbili zenye chaji zinazokaribiana na kuachana. Kuzitenganisha kunahitaji kazi, na kazi hiyo hugeuka umeme. Chaji ya kuanzia inaweza kufungiwa ndani ya utando maalumu unaoishikilia kwa miaka, kama ule wa maikrofoni zilizobuniwa na Gerhard Sessler na James West huko Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1962. Ndugu yake wa karibu ni umeme wa msuguano, ule unaonyanyua nywele ukivua sweta. Zhong Lin Wang na wenzake wa Georgia Tech, Marekani, waliutengenezea kifaa mwaka 2012, na tangu hapo tafiti zake zimefurika. Volti zake ni kubwa na za kuvutia kwenye picha. Mkondo wake ni mdogo mno. Ukiona video ya taa nyingi za LED zikimetameta mtu akipiga kofi, jiulize zinametameta kwa muda gani.

Mdundo unaohama

Kwa maoni yangu hapa ndipo moyo wa mada ulipo, na ndipo vifaa vingi vizuri vya maabara vilipofia. Resonansi inakupa nguvu kwa masharti. Springi yetu nzuri ya hezi 100 hutoa maikrowati 100 pale tu mtetemo ulipo kwenye hezi 100. Ukihama hezi 2, juu au chini, umeme unabaki nusu. Springi ikiwa bora zaidi, kilele kinapanda juu lakini kinakuwa chembamba zaidi, kama mlima uliochongoka. Unaweza kukipanua kwa kuongeza upotevu, na utakuwa umekishusha.

Fikiria mota ya kawaida yenye nguzo nne za sumaku kwenye gridi ya hezi 50. Bila mzigo huzunguka karibu mara 1,490 kwa dakika, sawa na hezi 24.8. Ikipewa mzigo hushuka hadi 1,440 hivi, sawa na hezi 24. Ukiwa umelinganisha springi na mzunguko wa mota isiyo na mzigo, mzigo ukiingia umeme wako unashuka chini ya theluthi, ingawa mota inatetemeka vilevile. Mngurumo wa sumaku wa hezi 100 ungebaki palepale. Mhandisi aliyeupima mtetemo kwa saa moja na yule aliyeupima kwa wiki nzima watanunua springi tofauti.

Watafiti wamejaribu njia nyingi za kutoka hapa. Wengine hupanga mabapa kadhaa yenye midundo tofauti, kama funguo za kinanda. Daima yapo yanayoitikia, lakini mengine yote yamekaa bure yakichukua nafasi. Wengine huweka sumaku zinazosukumana ili bapa liwe na vituo viwili vya kutulia, liruke kutoka kimoja hadi kingine kama mfuniko wa kopo unaobonyezwa, "tik-tak". Francesco Cottone na wenzake wa Perugia, Italia, na vilevile Alper Erturk na Daniel Inman huko Marekani, walichapisha kazi za aina hii mwaka 2009. Bapa linaloruka huitikia midundo mingi, lakini lazima mtikisiko uwe na nguvu ya kulivusha kilima cha katikati. Mtetemo ukiwa dhaifu, linabaki kwenye bonde moja likitapatapa.

Kwenye mwili wa binadamu tatizo linageuka kuwa kubwa zaidi. Mtu anayetembea hutikisika mara moja au mbili kwa sekunde. Springi ya kulinganishwa na hezi 1 lazima iwe laini kiasi kwamba kipande kilichoning'inizwa kitaivuta kwa uzito wake peke yake sentimita 25, hata kiwe chepesi vipi. Huwezi kuificha hiyo ndani ya saa ya mkononi. Kwa hiyo Seiko, kampuni ya Japani iliyoingiza sokoni saa za kwatzi za kujichaji mwaka 1988, iliachana na springi: ndani yake kuna kipande chenye umbo la nusu duara kinachozunguka mkono ukitikisika, na gia huongeza mzunguko huo hadi kirota kidogo kinafika takribani mizunguko 100,000 kwa dakika. Inatosha, maana saa ya kwatzi hula takribani maikrowati moja.

Waliotaka umeme zaidi kutoka mwilini walilazimika kubeba zaidi. Viatu vyenye piezo vilivyotengenezwa na kundi la Joseph Paradiso huko MIT mwishoni mwa miaka ya 1990 vilitoa miliwati chache. Lawrence Rome wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alifikia wati 7.4 mwaka 2005, kwa mkoba wa mgongoni ambao mzigo wake unapanda na kushuka kwenye springi. Mzigo wenyewe ulikuwa kilo 20 hadi 38.

Haba na haba, mradi kibaba hakivuji

Umeme unaotoka kwenye kifaa cha mtetemo huenda mbele na kurudi nyuma, na mara nyingi volti zake hazifai. Lazima unyooshwe, urekebishwe, uhifadhiwe. Unaonyooshwa hupita kwenye dayodi, vilango vinavyoruhusu umeme upande mmoja tu. Dayodi ya silikoni hudai karibu volti 0.6 kabla haijafunguka. Ile koili yetu ilitoa 0.2. Umeme upo, na hakuna hata tone linalopita. Ndiyo maana wabunifu huongeza mizunguko ya waya mwembamba, au hutumia swichi za elektroniki badala ya dayodi, ambazo nazo zinahitaji umeme wa kuziendesha. Piezo ina shida ya kinyume: volti tele, mkondo kiduchu, na mara nyingi chaji yake huishia kuirudia kauri yenyewe. Daniel Guyomar na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walionyesha kwamba ukifunga swichi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde pale bapa linapofika mwisho wa mwendo wake, chaji hugeuzwa upande kwa msaada wa koili na mavuno huongezeka mara kadhaa.

Tuseme nusu ya maikrowati zetu 100 imesalimika. Zinakwenda kwenye kapasita kubwa, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, na kapasita hiyo huvuja yenyewe. Maikroampea 5 kwa volti 3 ni maikrowati 15 zilizokwenda bure. Kinacholishwa na umeme huu ni kihisi, yaani kifaa kidogo kinachopima kitu na kutuma taarifa; kikiwa kimelala kinakula 5. Zinabaki 30. Kupima kitu na kutuma ujumbe mfupi kwa redio kunagharimu, tuseme, maikrojouli 300 (maikrowati moja kwa sekunde moja ni maikrojouli moja). Gawanya: ujumbe mmoja kila sekunde 10.

Hapo ndipo mtu huweza kuvunjika moyo, na hapo ndipo mimi ninaposhangilia. Ujumbe kila sekunde 10, mwaka mzima, kutoka kwenye kipande cha gramu 10 kinachotikisika chini ya unene wa unywele! Redio na vichakato vimepungua ulaji kiasi kwamba kitu ambacho zamani kisingetosha kitu sasa kinatosha kuongea.

Mshindani wa kweli ni betri, tuseme haki. Betri ndogo ya AA ina takribani wati-saa 3, na kwenye karatasi ingekiendesha kihisi chetu karibu miaka 10. Kwa kihisi kimoja chumbani, nunua betri. Lakini joto la mashine huiua betri mapema, na mtambo wenye vihisi 3,000 utakuwa unabadilisha karibu betri moja kila siku, baadhi yake zikiwa mahali ambapo mtu hawezi kufika mpaka kila kitu kizimwe. Gharama iko kwenye ngazi, kibali na saa za kusimama kazi. Bei ya betri yenyewe ni ndogo.

Kwa sababu hiyo ninaona treni ndilo shamba bora kuliko yote. Beringi ya gurudumu hutikisika vikali, haina waya wa umeme jirani, na ikiharibika hupata moto na inaweza kuangusha behewa. Perpetuum, kampuni iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Southampton mwaka 2004, ilitengeneza vihisi vya beringi vinavyojiendesha kwa mtetemo wa gurudumu lenyewe, na mwaka 2021 ikachukuliwa na Hitachi Rail. Swichi za taa zisizo na betri wala waya, kama za EnOcean ya Ujerumani, ni shamba jingine: kidole kinachobonyeza hutoa nishati ya kutosha kutuma ujumbe wa "washa".

Na zile sakafu? Mtu wa kilo 70 akiibonyeza sakafu milimita 5 hutoa, kwa upeo usiofikiwa, jouli 3.4. Watu 10,000 wakikanyaga kigae kimoja kutwa nzima, ni jouli 34,000, yaani wati-saa 9.5: hazitoshi kuwasha ile taa ya LED ya wati 10 kwa saa moja. Paneli ya jua ya mita mraba moja hupata kiasi hicho ndani ya dakika tatu za jua kali. JR East, kampuni ya reli ya Japani, ilijaribu sakafu za namna hii katika kituo cha Tokyo mwaka 2006 na 2008. Majaribio kama hayo yana thamani, mradi tusiyaite kituo cha umeme. Kigae kinachojua kwamba kimekanyagwa na kikaweza kusema hivyo bila waya, hicho nakielewa. Kinaweza kuhesabu watu.

Narudi kwenye mota yetu. Ikizimwa, kihisi nacho kinakosa chakula, na anayepokea ujumbe hawezi kujua kama mota imepumzika au kifaa kimekufa. Mbunifu makini huacha akiba ya mwisho kwenye kapasita: volti zikianza kushuka, kihisi kinatumia maikrojouli zake za mwisho kutuma neno moja la kuaga. Na ikiwa kazini, huhitaji hata kipima mtetemo. Muda wa kujaza kapasita ndio kipimo. Kihisi kilichokuwa kikituma kila sekunde 10 kikianza kutuma kila sekunde 4, nawe una hakika mdundo haujahama, basi mtetemo umezidi kwa zaidi ya theluthi, na beringi ya mota hiyo inataka kufunguliwa itazamwe.